Kitufe cha Kidoti

Siku ile mjinga alikuwa yeye, fundi wa programu, na heri tuseme hilo mapema kabla hajaanza kujitetea.

Ukumbi wa kliniki ya macho ulikuwa umefurika. Hakuna mgonjwa aliyepata ujumbe wa siku yake ya kuja, basi wote wamekuja kuuliza kwa mkupuo. Nyuma ya kaunta alisimama Kidoti wa mapokezi, gauni la bluu limenyooka kwa pasi, shingoni mtandio wa njano alionunuliwa na fundi. Miezi michache nyuma, kwenye foleni ya kaunta hiyohiyo, Kidoti alikuwa amemwambia, "Kaka, fomu umeishika juu chini," na tangu hapo fundi hakuona mwingine.

"Nilibonyeza kitufe cha Thibitisha, ujumbe uende kwa kila mgonjwa," Kidoti alimwambia matroni, mkuu wa wauguzi.

Matroni akamgeukia fundi. "Mfumo ni wako. Unasemaje?"

Fundi alitazama kumbukumbu za mfumo. Hakuna kitufe kilichobonyezwa tangu juzi. Angeweza kuomba muda achunguze. Lakini aliogopa kuonekana anampendelea mpenzi wake, akaropoka, "Mfumo haudanganyi, matroni. Labda hakubonyeza vizuri."

Kidoti alimtazama fundi, kisha akageukia mafaili yake.

"Zamu ikiisha, nikabidhi funguo za kaunta," matroni akamwambia Kidoti.

Fundi alijifungia chumba cha nyuma, akampigia Kidoti simu.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wako nani? Mimi ndiye yule asiyejua kubonyeza."

"Nisikilize kidogo, basi."

"Nina foleni."

Ikakatwa. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Akafungua ukurasa anaotumia Kidoti kwenye mfumo, jedwali la wagonjwa, kila mstari na kitufe chake. Akabonyeza. Ukurasa ukapepesa, jedwali likarudi kama halijaguswa. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa mdeni. Kimya. Amri ya kutuma ujumbe, iliyopaswa kuitika, haikuamka hata mara moja.

Jasho likamtoka. Kumbe binti alikuwa anabonyeza kweli!

Alipanda juu kwenye programu, mstari kwa mstari, huku akisikia zamu ikiyoyoma kule ukumbini. Halafu akauona, mkono wake mwenyewe. Juzi Kidoti alilalamika, "Orodha yako inanionyesha watu wa jana, baba." Kwa kutaka kumfurahisha, fundi akaamuru jedwali lijazwe kila ukurasa unapopakia. Vitufe hakuvijaribu.

Akarekebisha: lijazwe mara ya kwanza tu, na baada ya kila uthibitisho. Akavuta pumzi, akabonyeza kitufe cha kwanza, kisha cha pili, mpaka mwisho wa orodha.

Ukumbini simu ya mzee mmoja ikalia. Kisha ya mama aliyekaa karibu yake. Kisha ukumbi mzima ukawa kama banda la vifaranga.

Fundi alitoka mbio, shati limemganda mgongoni, akasimama mbele ya matroni na kaunta nzima.

"Kosa ni langu. Kila Kidoti alipobonyeza, ukurasa ulipakia upya, nami niliuamuru ulijaze jedwali upya hapohapo. Kitufe alichokigusa kilifutwa kabla mfumo haujauliza kimeguswa au la. Kikazaliwa kingine ambacho hakijui lolote."

Funguo zilikuwa tayari juu ya kaunta; matroni akazisogeza zirudi kwa Kidoti bila kumtazama fundi. "Siku nyingine chunguza kwanza, ndipo useme."

Kidoti aliendelea kupanga mafaili.

"Ungeniuliza tu," alisema taratibu. "Mbele ya watu wote wale, uliuamini mfumo."

"Niliogopa, Kidoti. Na sasa naogopa zaidi. Tusahau yote. Tufute, tuanze upya, kama ndiyo kwanza tunakutana."

Kidoti akaurekebisha mtandio wake wa njano, akamsogezea kiti.

"Kuanza upya ndiko kulikokuharibia jedwali. Kaa hapa, tuendelee tulipoishia."