Mguu Chini ya Mguu

Jua lilikuwa linazama fundi alipojilaza chini ya pikapu kuukuu, uani kwa mjane wa rafiki yake. Bomba la breki lililooza alikwisha kulibadilisha. Ilibaki kutoa hewa tu: mmoja akanyage pedeli, mwingine alegeze nati pale gurudumuni, hewa itoke pamoja na maji ya breki, ipite kwenye mpira mpaka chupani. Kazi ya watu wawili. Wa pili alikuwa mjane mwenyewe. Alitaka kuuteremka mlima na wanawe kabla giza halijaingia, arudi kwao.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nenda. Lakini gari la mwanangu halitoki bila mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika, Mama."

"Mlizika mlichokiona."

Fundi akakohoa. "Shemeji, kanyaga."

"Nimekanyaga."

Akalegeza nati. Mapovu yakatoka. Kabla hajaikaza, pedeli ikaachiwa. Fyuuu... hewa ikavutwa tena ndani.

Wakarudia. Yakawa yale yale. Mara ya tatu damu ikamchemka.

"Mbona unaachia kabla sijasema? Unataka kuua watoto?"

Mjane akanong'ona.

"Siachii. Kuna kitu kinanisukuma juu. Kama... mguu chini ya mguu wangu."

Harufu ikashuka mpaka chini ya gari. Dawa ya kuchua. Fundi aliijua, ndiyo aliyokuwa akipakwa marehemu siku zake za mwisho, alipokwenda kumjulia hali.

Mjane akaruka nje, akakimbilia ndani kuchukua watoto. Mlango wa gari ukabaki wazi. Kiti kitupu.

Kwi... kwi...

Pedeli.

Angeweza kukimbia. Lakini mteremko ule bila breki ni kaburi la watu watatu. Ulimi, kwa mazoea ya kazi, ukamponyoka.

"Kanyaga."

Kwiii.

"Shikilia..." Mapovu yakatoka. Akakaza nati. "Achia."

Ikaachia. Ilitii! Gurudumu baada ya gurudumu, mpaka maji yakatoka safi, pasipo povu hata moja.

Mjane akarudi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono.

"Breki zimekaza?"

"Zimekaza."

Na ilikuwa kweli. Alitaka kuongeza neno, lakini ungemwambia nini mwanamke aliyekwisha kuwasha gari?

Pikapu likateremka. Kwenye kona taa nyekundu za nyuma ziliwaka, breki zikashika barabara. Fundi akashusha pumzi.

Kule bondeni njia ikanyooka. Tambarare tupu, mbele hakuna hata mbuzi.

Taa zikawaka. Zikazima. Zikawaka... zikazima.

Kama mtu anayesubiri kuambiwa.

Uani harufu ya dawa ilikuwa imekwisha. Mama mkwe akacheka taratibu nyuma yake.

"Siku zote nilikosa namna ya kumpandisha garini," akasema. "Kumbe alitaka kupewa kazi tu. Ahsante, fundi."