Besi ya Rangi ya Turungi

Jumamosi asubuhi, duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu na stendi ya Thika hujaa hadi mlangoni. Mafundi wa mabomba, wa stima na wa madirisha wote hutaka kuhudumiwa wa kwanza. Idah alikuwa amejipenyeza hadi kaunta, ameshika karatasi tatu za msasa na kopo la vanishi. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa na madoa ya rangi hadi magotini, na kichwani alikuwa amefunga kitambaa cha rangi ya machungwa. Kando yake akasimama kijana mrefu, shati lake la drafti limenyooshwa kwa pasi kama la kwendea kanisani, kwapani amebana kitu kirefu kilichofungwa shuka la maua.

"Boss, nipe rangi nyeusi ya kung'aa, kopo dogo," kijana alimwambia mhudumu. "Na brashi."

Shuka lilikuwa limeteleza upande mmoja. Idah akaona kichwa cha gita la besi na nyuzi nne zilizoshika kutu.

"Hiyo rangi unaenda kupaka nini?" akamuuliza.

"Besi yangu."

"Hiyo ni rangi ya geti."

"Kwani geti halipendezi?"

Mafundi wawili nyuma yao walicheka. Idah hakucheka. Alilichukua kopo la rangi kijana alipokabidhiwa tu, akamrudishia mhudumu. "Huyu hanunui."

Kijana alimtazama kuanzia kitambaa hadi buti. "Na wewe ni nani yangu?"

"Bado si mtu wako. Mimi ni fundi wa magita, niko Ruiru, Kimbo. Toka nje unionyeshe hicho kitu."

Alitoka. Hata yeye baadaye alisema hakujua ni kwa nini alitii.

Nje, juu ya mifuko ya saruji, kijana, aliyesema anaitwa Gachau, alifungua shuka. Ilikuwa besi ya zamani, imepakwa rangi ya kijani iliyokuwa ikibambuka kama gome la mti. Alieleza kwamba ilikuwa ya baba yake, mzee Gichuru, aliyeicheza kwenye harusi na sherehe kwa zaidi ya miaka thelathini hadi alipofariki mwaka uliopita. Gachau mwenyewe alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo pale Thika. Sasa bendi ya baba yake ilikuwa imekubali kumjaribu kwa Jumapili tatu, kwenye bustani ya hoteli moja kando ya mto Chania. Akifaa, nafasi ya baba itakuwa yake. Asipofaa, kulikuwa na kijana wa Juja aliyekuwa akingoja.

Idah alifumba jicho moja, akaitazama shingo ya besi kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha.

"Shingo imepinda. Nyuzi zimeinuka hapa katikati mpaka mtu anaweza kuanika nguo. Vidole havikuumi?"

"Nilidhani ni mimi sijui."

"Si wewe. Jaribio linaanza lini?"

"Baada ya wiki sita."

"Basi inatosha," Idah alisema, akaifunga besi kwenye shuka lake na kuibeba yeye.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele kwenye ploti moja ya Kimbo, kati ya kinyozi na fundi cherehani. Kupuliza rangi alijifunzia kwenye gereji ya mjomba wake, akipaka milango ya magari. Siku moja besi ya kanisa lao iliharibika, hakuna aliyejua kuitengeneza, naye akaifungua kwa sababu alitaka kuona ndani kuna nini. Sasa, miaka saba baadaye, wanamuziki walitoka Nairobi kumletea magita, na wengine bado wakifika mlangoni walimuuliza fundi yuko wapi.

Ndani ya shingo ya besi kuna chuma kilichofichwa, nacho ndicho huinyoosha kikikazwa. Idah alikikaza robo mzunguko kwa siku, si zaidi. Gachau alimpigia simu kila jioni akitoka kazini.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amenyooka kidogo."

"Si ungemalizia leo tu?"

"Nikilazimisha leo, kesho nitakupigia nikwambie uje uchukue vipande viwili."

"Na daktari mwenyewe?"

"Daktari hajala."

Saa moja baadaye Gachau alikuwa mlangoni na chapati nne na ndengu kwenye mfuko. Ikawa desturi. Walikula wakitumia benchi la kazi kama meza, na Idah alimwonyesha anachofanya. Alisawazisha kwa tupa vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kwa sababu viwili vilikuwa vimesimama juu ya wenzao na kufanya nyuzi zikwaruze. Aliunga waya uliokuwa umekatika, uliokuwa ukiifanya besi ivume kama mzinga wa nyuki kila ikichomekwa. Kisha akagusa vile visanduku viwili vyeusi chini ya nyuzi.

"Hizi ndizo pikapu."

"Pikapu si gari?"

"Hizi ni sumaku zilizozungushiwa waya, Gachau. Ndizo zinazosikia nyuzi. Hizi za baba yako ni za zamani na ni nzuri. Nimesafisha tu, sitazibadilisha."

Rangi ya kijani ilitoka kwa hewa moto na kikwanguo. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine nyeusi, na chini ya hiyo, mbao nyekundunyekundu ambayo hakuna mtu alikuwa ameiona kwa miaka. Gachau akapitisha kiganja juu ya mbao hiyo polepole.

"Unataka rangi gani?" Idah alimuuliza.

Alifikiria. Mkononi alikuwa ameshika glasi ya chai isiyo na maziwa, na jua la saa kumi lilikuwa likipita ndani yake. "Kama hii turungi. Nataka mbao ionekane."

Idah alipuliza matabaka tisa membamba, kila moja likikaushwa na kusuguliwa kwa msasa laini wenye maji. Wiki mbili nzima besi ilining'inia ikikauka, na kila Gachau aliponyoosha kidole kugusa, Idah alimpiga mkono kwa mpini wa brashi. Siku ya kuichukua aliipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Aliichomeka kwenye amplifaya ndogo ya Idah, akagusa uzi mnene mara moja. Sauti ilitoka nene na safi, ikasimama chumbani. Kinyozi wa jirani alizima mashine yake kusikiliza.

Gachau hakusema nakupenda. Alisema, "Kesho pia nitakuja."

"Besi imekwisha."

"Najua imekwisha."

Idah alishika ufagio, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. "Basi kuja na ndengu."

Jumapili ya kwanza ya jaribio Idah hakwenda, kwa kuwa kanisa la mama yake huko Kalimoni lilikuwa na harambee naye alikuwa ameahidi. Alingoja simu jioni hiyo, haikuja. Ilikuja Jumatatu mchana, na sauti ya Gachau ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya misumari.

"Idah, nikuulize kitu. Hizo pikapu zilizo ndani ya besi, ni zile za baba?"

Idah aliweka tupa chini. "Uliza vizuri."

"Jana besi ilikuwa mbaya. Ilikuwa inavuma tu, kama ngoma iliyofunikwa godoro. Watu wa mbele walihama meza. Austine, mkubwa wa bendi, anasema sio sauti ya mzee. Anasema hizo za zamani zina soko Nairobi, kuna mafundi huzitoa na kuweka za bei rahisi. Mimi sijasema umetoa. Nauliza tu."

"Umeshauliza," Idah alisema, akakata simu.

Gachau alipiga tena, mara nyingi. Idah hakupokea. Alirudi kwenye gita la mteja lililokuwa benchini akalisugua kwa hasira hadi msasa ukala ule ubao mwembamba wa juu na kutokeza shimo. Ilibidi akae chini. Katika miaka saba watu walikuwa wamemwita mpole, mkali, mwanamke anayejifanya fundi, lakini hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Kwamba neno hilo lilikuja kwa mdomo wa mtu aliyekula chapati kwenye benchi lake, ndilo lililomchoma.

Ujumbe ukaingia: "Nimekosea. Nipokee tafadhali." Hakujibu huo, wala ule wa Jumanne, wala wa Alhamisi. Lakini swali moja lilimkalia kichwani wiki nzima. Besi ilitoka karakana ikiwa na sauti safi, aliisikia kwa masikio yake. Kwa nini ivume Thika?

Jumapili saa nane mchana Idah aliingia kwenye bustani ya hoteli. Alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi, hereni ndogo za dhahabu na raba nyeupe, na ndani ya mkoba alikuwa na bisibisi. Bendi ilikuwa ikipanga vyombo kwenye jukwaa la mbao. Gachau alimwona kwanza, akasimama na waya mkononi. Idah alimpita, akaenda kwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya majani aliyekuwa akikaza nyuzi za gita lake.

"Wewe ndiye mzee Austine. Mimi ndiye fundi aliyeuza pikapu."

Austine alikohoa. "Madam, mimi nilisema tu vile mambo huwa."

"Naomba meza."

Waliweka meza. Idah alilaza besi juu yake na kutoa bisibisi. Gachau akaweka kiganja chake juu ya skrubu.

"Usifungue. Mimi nakuamini."

"Na Jumatatu uliniamini?"

Kiganja kilibaki pale pale.

"Basi toa mkono. Sifungui kwa ajili yako. Nafungua kwa ajili ya jina langu."

Aliutoa. Idah alilegeza skrubu moja moja bila haraka, akainua kisanduku cha kwanza kutoka mahali pake. Waya zake zilikuwa zimevikwa kitambaa, za aina ambayo haitengenezwi tena, na chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kilichokunjwa mara nne.

Austine aliinama. Alikitazama muda mrefu, kisha akavua kofia. "Hiyo karatasi Gichuru aliiweka mbele yangu. Harusi moja Murang'a. Upande mmoja ulikuwa umezama, akainua nayo." Akamgeukia Idah. "Mama, nimekukosea. Nimekosea mbele ya watu, na ninasema mbele ya watu."

"Nimesikia," Idah alisema. "Sasa nionyesheni amplifaya yenu."

Ilikuwa imesukumwa kwenye pembe, juu ya mbao zenye uwazi chini, na kitufe cha sauti nzito kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho.

"Nani aliweka hivi?"

"Iko hivyo tangu siku za mzee," Austine alijibu. "Bila hivyo besi haikusikika."

"Haikusikika kwa sababu ilikuwa mgonjwa. Nyuzi zilikuwa zimekufa, waya umekatika. Mashine yenu ilizoea kumbeba mgonjwa. Sasa amepona, bado mnambeba."

Aliwafanya waitoe pembeni na kuipandisha juu ya kreti mbili za soda. Alirudisha sauti nzito hadi nusu, akapandisha kidogo ile ya katikati. Aliifunga besi, akampa Gachau. "Na wewe usipigie juu ya shingo. Shuka huku, karibu na mwisho wa nyuzi."

Gachau alicheza. Besi ilitembea chini ya magita mawili ya benga bila kuyakanyaga, kila noti ikisikika hadi kwenye meza za ukingo wa mto. Wahudumu walianza kutembea kwa mdundo huo bila kujijua. Kufikia wimbo wa tatu hakukuwa na nafasi ya kuchezea mbele ya jukwaa.

Wakati wa mapumziko Gachau alimkuta Idah ameketi kwenye ukuta mfupi, akitazama maji.

"Niliogopa kupoteza nafasi ya baba," alisema. "Mkubwa wa bendi akasema neno, nikalibeba hadi kwako bila kulipima. Sina kisingizio, Idah."

"Mtu akikwambia neno juu yangu, njoo tukae, uniambie wewe unafikiri nini. Usinipigie simu na swali la mtu mwingine."

"Nimeelewa."

"Leo bado nimekasirika."

"Naona."

"Jumatano nitakuwa nimepoa."

"Basi nije Jumatano?"

Idah alimtazama kwa pembe ya jicho. "Kuja Jumanne. Nikiwa bado nimekasirika kidogo."

Alikuja Jumanne, na siku nyingi baada yake. Nafasi katika bendi akaipata kabla ya Jumapili ya tatu kufika. Mvua za Aprili zilipoanza, alifika karakana asubuhi ya siku ya mapumziko, akaketi, akasimama, akaketi tena.

"Nataka kutuma wazee kwenu," alisema.

Idah alikuwa akichomelea waya. Alimaliza kwanza, akapuliza moshi. "Karakana haihami Kimbo."

"Mimi ndiye nitahama. Thika si mbali."

"Na sitaacha kazi nikipata mtoto."

"Nani alisema uache? Mimi nitabeba mtoto, wewe ubebe tupa."

Ndipo akacheka, akafuta mikono kwenye ovaroli, akachukua simu na kumpigia mama yake Kalimoni. Aliweka kwenye spika.

"Mami, kuna wageni wanataka kuja."

"Wageni wa aina gani?" Nyuma ya sauti ya mama kuku walikuwa wakilia.

"Wa aina ile unayofikiria."

"Kijana anafanya kazi gani?"

"Fundi wa mashine kiwandani. Na anapiga besi."

"Ya kanisa ama ya baa?"

"Ya hoteli. Jumapili mchana."

"Baada ya ibada?"

"Baada ya ibada, mami."

"Basi waje Jumamosi ya pili mwezi ujao. Wazee wasizidi wanne, nyumba ni ndogo. Na mwambie avae gambuti, huku ni matope."

Gachau aliinama karibu na simu. "Nitavaa, mama."

"Nani huyo?"

"Ni yeye," Idah alisema.

Mvua iligonga mabati ya Kimbo, na wote wawili wakazidi kuinamia simu juu ya benchi.

"Haya," mama alisema hatimaye. "Sauti yake ni nzuri."