Geum-ok Ajifunza Kusali kwa Pumzi

Geum-ok alikuwa mpishi wa shule ya msingi mjini Gunsan, Korea Kusini. Kwa miaka kumi na minne alivaa buti za mpira kila asubuhi, akafunga nywele, akaingia jikoni. Wanawake sita walipikia watoto mia sita. Siku za supu ya soya kazi ilikuwa nafuu. Siku za kukaanga nyama ya nguruwe ndizo zilizowachosha. Mafuta yalifuka moshi, macho yakawasha, koo likakauka.

Majira ya baridi, mwenzao Hae-suk alianza kukohoa. Alipopimwa alikutwa na ugonjwa wa mapafu, akaacha kazi. Hae-suk na Geum-ok walikuwa wamesimama kwenye karai moja miaka yote hiyo.

Mwezi wa tatu, siku ya kukaanga, Geum-ok alihisi kifua kimebana ghafla. Moyo ulienda mbio. Vidole vikafa ganzi. Alivuta hewa, akavuta tena, lakini haikumtosha.

"Nakufa," alisema.

Akaacha mwiko ndani ya mafuta, akakimbilia nje. Alikaa kwenye ngazi akitetemeka, na nyama ikaungua.

Mumewe, Chang-gyu, alimpeleka hospitali. Walimpima moyo na mapafu.

"Moyo mzima, mapafu safi," daktari alisema. "Hii ni hofu. Hofu nayo inaumiza mwili, wala si kujifanya. Ikizidi, rudi. Tiba ipo."

Geum-ok alifurahi, lakini hakuelewa. Kama mapafu yake yalikuwa safi, nani alikuwa anamkaba?

Alikwenda kwenye sala ya alfajiri kanisani. Huko watu huita "Bwana!" mara tatu kwa sauti kubwa, kisha kila mmoja humlilia Mungu kwa maneno yake. Zamani Geum-ok aliipenda sana sala hiyo. Sauti yake ilisikika hadi mlangoni. Lakini siku hiyo makelele yalipopanda, kifua kilibana tena. Akatoka. Mama mkwe wake, Bun-rye, bibi wa miaka themanini na moja, akamfuata.

"Unakimbia sala?"

"Mama, siwezi kupumua."

"Mtu asiyepumua hasemi. Wewe unasema vizuri tu. Ni imani imekupungua."

Geum-ok alishika njia ya nyumbani. Maneno yale yalimchoma kuliko mafuta ya moto.

Mwezi wa nne alikimbia tena kutoka jikoni. Mpishi mkuu alimvuta pembeni.

"Geum-ok, nakupenda. Lakini mafuta yaliyo motoni hayaachwi peke yake. Siku moja mtu ataungua. Likitokea tena, itabidi ukae nyumbani."

Jioni hiyo Geum-ok hakuweza kupanda ngazi za nyumbani kwake. Alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, akishika kifua. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Shemasi Bang, jirani yao waliyesali naye kanisa moja. Alikuwa muuguzi mstaafu, na alihudumia wagonjwa wa kifua kwa miaka mingi.

"Ulipimwa?" aliuliza, akikaa kando yake.

"Nilipimwa, dada. Wanasema sina kitu."

"Unacho. Una hewa nyingi mno. Unavuta, unavuta, hutoi. Hebu toa kwanza. Polepole, kama unapoza uji wa mtoto."

Geum-ok akatoa. Ikatoka kwa vipandevipande.

"Sasa acha iingie yenyewe. Usiivute kwa nguvu. Weka mkono tumboni. Mkono uinuke, mabega yatulie. Kisha toa tena, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta."

Wakafanya pamoja, mara saba, mara nane. Vidole vikaanza kupata joto.

"Sasa mtie Bwana humo," Shemasi Bang alisema. "Hewa ikiingia, sema moyoni: Bwana, uko hapa. Ikitoka: naiacha kwako."

"Hiyo ndiyo sala? Fupi hivyo?"

"Kwani wewe ukimwita mumeo unatoa hotuba?"

Geum-ok akacheka. Hakuwa amecheka tangu Hae-suk alipoacha kazi.

Sauti ikatoka ngazi za juu. Bun-rye alikuwa ameshuka kumtafuta mkwewe.

"Nimewasikia! Kukaa kimya na kuhesabu pumzi! Hayo si mambo ya watawa wa Kibudha kule mlimani?"

"Wao wana njia yao, Mama," Shemasi Bang alisema. "Lakini watawa wa Kikristo nao walisali hivi jangwani tangu zamani. Jina la Yesu liliambatana na pumzi yao. Na Adamu, nani alimpulizia pumzi?"

"Usinifundishe kitabu cha Mwanzo. Nimekisoma kabla hujazaliwa."

"Basi unajua jibu, Mama."

Bun-rye akaguna, akapanda ngazi zake.

Geum-ok alianza kusali hivyo kila siku, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Wiki ya kwanza alipiga miayo. Aliwaza kabichi. Siku moja alipata kizunguzungu.

"Unavuta kwa pupa," Shemasi Bang alimwambia. "Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Mawazo yakikimbia usijigombeze. Rudi tu kwa Bwana."

Wiki ya tatu, alipokuwa kimya hivyo, neno lililojificha ndani yake likatoka: Kwa nini Hae-suk, si mimi? Miezi yote ya baridi alikuwa amepiga kelele kanisani bila kulisema neno hilo. Sasa alimwambia Mungu, akalia hadi kola ikalowa. Jumamosi alipika uji wa samaki, akaenda kumwona Hae-suk. Tangu baridi alikuwa akiogopa kwenda.

"Umechelewa sana, we mwanamke," Hae-suk alisema, akimkumbatia. "Nilidhani umenizika."

Mwezi wa tano ikaja tena siku ya kukaanga. Moshi ulipopanda, kifua kikabana. Geum-ok alizima moto. Hakukimbia.

"Mpishi mkuu, naomba dakika tatu," alisema.

Akasimama mlangoni penye hewa. Akatoa pumzi kwanza. Bwana, uko hapa. Naiacha kwako. Hofu ilipanda hadi shingoni. Akatoa tena. Hofu ikakaa, ikasita, ikaanza kushuka. Akarudi kwenye karai, akawasha moto. Siku hiyo watoto mia sita walikula nyama yenye rangi ya dhahabu.

Lakini Shemasi Bang alikuwa amemwambia jambo lingine: "Sala haifukuzi moshi. Moshi unafukuzwa na feni." Kwa hiyo wapishi wote waliandika barua na kuipeleka kwa mwalimu mkuu. Likizo ya kiangazi, feni kubwa mpya ikafungwa juu ya makarai. Hofu ilimrudia Geum-ok mara mbili mwaka huo. Mara zote alibaki kazini.

Alirudi pia kwenye sala ya alfajiri. Wengine walipaza sauti, naye alikaa kimya katikati yao, mkono tumboni, na hakuna aliyemsumbua.

Asubuhi moja ya vuli, Bun-rye alikuwa anasubiri kupimwa presha kliniki. Aliogopa sana mashine ile. Miguu yake ilicheza chini ya kiti. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akamnong'oneza mkwewe aliyemsindikiza.

"Hebu niambie. Mtu anaanza kwa kuvuta au kwa kutoa?"

"Kwa kutoa, Mama," Geum-ok alisema, akamshika mkono. "Tutoe pamoja."