Kadi za Marehemu Merle

Haya yalimpata rafiki yangu Arlene, mjane wa kule Ohio. Alimpa dalali wa mtandaoni kadi za picha za wachezaji wa besiboli alizokusanya marehemu mumewe, Merle, azipige mnada. Lakini kila mnunuzi alipokaribia kuzipata, mtu mmoja asiye na jina alipandisha bei hadi mnunuzi akakata tamaa. Arlene akampigia dalali, roho imemchafuka.

"Mshenzi we! Unajipandishia bei mwenyewe!"

"Mama, nimemfuatilia. Anatumia intaneti ya nyumbani kwako."

Chini, kwenye chumba cha giza cha Merle, vitufe vya kompyuta vikalia: ta, ta, ta. Bei ikapanda.

Arlene akashuka na tochi. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Kando yake kilikuwepo kikombe cha Merle cha kutemea tumbaku, kile Arlene alichokiosha baada ya mazishi. Kilijaa mate meusi, yenye povu bado.