Upande Mkavu

"Siinuki! Nimesema siinuki!"

"Mama, daktari kasema usipotembea mwenyewe mpaka chooni, nyumbani huendi."

"Basi nitazeekea hapa hapa! Jana nusura nivunje nyonga ya pili. Na hiyo korido kapiga deki nani? Si wewe?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Kijana akainamisha macho kwenye ndoo yake. Yeye ndiye mfanya usafi wa wodi hii. Wenzake humwita Kioo, maana sakafu yake inang'aa mpaka unajiona meno. Mama yake alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Alikuwa ameanza kutembea vizuri na fremu yake ya kujishikilia. Jana akateleza mbele ya choo. Bahati yake, muuguzi alimdaka. Tangu hapo hataki hata kushusha mguu kitandani.

Dada wa mazoezi, anayefundisha wagonjwa kutembea upya, alikuwa mlangoni anasikiliza.

"Kaka, sabuni unatia kiasi gani?"

"Namimina mpaka povu lijae. Povu ndio usafi, dada."

"Kopo linasemaje?"

"Sijawahi kulisoma."

"Haya. Vaa ndara za mama, utembee kwenye hiyo sakafu yako."

Kioo akacheka. Akavaa, visigino vikabaki nje. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu mguu ukamtoroka. Puu! Akakaa chini.

"Pole, baba," mama alisema kutoka kitandani, raha imemjaa. "Umejiona meno?"

Dada wa mazoezi akampa mkono, akainuka.

"Sabuni ikizidi, inabaki sakafuni na huioni. Ikiguswa na maji tu, utelezi. Kopo linasema kifuniko kimoja kwa ndoo moja. Kisha suuza. Na usiloweshe korido nzima kwa mpigo. Piga nusu, nusu nyingine iache kavu watu wapite. Ikikauka, ndio uhamie ya pili. Kibao cha tahadhari weka kabla hujalowesha, mwanzo na mwisho."

"Na mtu akimwaga uji?"

"Unafuta hapo hapo. Husubiri zamu."

Akaokota ndara, akaipindua. Soli ilikuwa laini kama sahani. "Mama, hizi basi. Tafuta viatu vya soli ya mpira, vinavyoshika kisigino."

"Ndara zangu nimezizoea!"

"Zimekuzoea wewe, mama. Sakafu hazijaizoea."

Asubuhi iliyofuata Kioo alipima sabuni kwa kifuniko. Akaweka vibao. Akapiga deki nusu ya kushoto, akasuuza. Haikung'aa kama zamani. Roho ilimuuma kidogo.

Akaenda kumwita mama. Mama kavaa viatu vipya. Akagusa sakafu kwa ncha ya kiatu, kama anayeonja joto la maji ya kuoga. Akagusa tena. Kisha akasimama na fremu yake, akaenda kwa upande mkavu, hatua kwa hatua, mpaka chooni. Alipotoka, daktari alikuwa kasimama anatazama.

"Mama, kesho nyumbani."

Mama aliangalia chini. Alikuwa anaikagua sakafu.

"Leo haing'ai," akamwambia mwanawe.

"Haing'ai, mama."

"Ndivyo ninavyoitaka."

"Ngoja nikushike, nikurudishe kitandani."

"Shika ndoo yako!"

Akageuza fremu, akaondoka zake.