Alama Tisini na Nane

Kipimaukweli kilihitaji sekunde kumi na saba tu. Unakipa habari, kinaisoma, kinalinganisha kila jina na madaftari ya serikali, kinapima vivuli kwenye picha ili kujua ilipigwa saa ngapi, kisha kinatoa alama: sifuri kwa uzushi mtupu, mia kwa ukweli usio na doa. Mhandisi Ambakisye Mwakalobo alikitengeneza kwa miaka sita ili vyumba vya habari vya jiji la Lupondo visichapishe porojo. Wahariri walimshukuru, mawaziri nao wakamshukuru, na hapo ndipo angepaswa kushtuka.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, Kamati ya Utulivu ilikinunua. Wanasheria wake walikaa wakawaza, kama wanavyowaza watu walioshiba, wakagundua kwamba uzushi haumnyimi mtawala usingizi. Watu wanaucheka na kuusahau. Kinachowatoa watu majumbani ni habari wanayoiamini. Basi ikatungwa sheria: ndani ya siku tisini kabla ya kura, kuandika habari ya uchaguzi yenye alama zaidi ya themanini ni kosa la jinai, kifungo miaka mitatu. Kosa lenyewe liliitwa "kutayarisha habari yenye uwezo wa kuaminika". Ni uchafu wa kutapisha, na bunge liliupigia makofi.

Uliachwa mlango mmoja wa kutokea. Mshtakiwa akikiri kwamba alitunga, kesi inafutwa siku hiyohiyo na anapewa cheti cha msamaha chenye picha yake. Waandishi sita walikuwa wameshachukua vyeti vyao. Walirudi kazini wakaanza kuandika habari za maua ya barabarani.

Tusekile, dada mkubwa wa Ambakisye, hakutaka cheti. Yeye alikuwa mwandishi wa gazeti la mkoa, na tangu wakiwa shule alikuwa na desturi moja: hakuna andiko lake lililokwenda popote kabla mdogo wake hajalipitia. Jumanne moja alimtumia habari ndefu kuhusu ghala alimokuta fomu mia mbili na saba za matokeo, zimejazwa na kutiwa sahihi, ilhali kura zilikuwa bado siku kumi na tisa. Ambakisye aliipitisha kwenye kipimaukweli cha ofisini huku akitafuna muhogo, kama alivyofanya mara mia. Siku moja tu kabla, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amekiunganisha kipimaukweli hicho na ofisi ya mwendesha mashtaka. Alijua. Ila kichwani mwake maandiko ya dada yake hayakuwa habari za uchaguzi. Yalikuwa mambo ya nyumbani.

Ikatoka alama tisini na nane. Akamwandikia, "Hongera, dada." Hajanawa mikono, polisi walikuwa wameshafika mlangoni kwa Tusekile. Habari yenyewe ilikuwa haijachapishwa hata mstari mmoja.

Walionana mahabusu, wametenganishwa na kioo.

"Dada, sema ulitunga. Neno moja tu, jioni uko nyumbani."

"Nimetunga fomu mia mbili na sahihi zake?"

"Na watoto je?"

"Watoto watakuwa kwako. Unadhani nitawaambia nini nikirudi? Kwamba mama yao ni mwongo mwenye cheti?"

Ambakisye akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyekuponza."

"Najua. Nani mwingine nilimpa?" Tusekile alisema bila ukali, na hilo lilimuumiza zaidi. "Sasa nisikilize. Ili wanifunge, lazima wathibitishe kwamba nilichoandika ni kweli. Wazi, mbele ya hakimu, na shahidi wao ni wewe. Yanayosemwa mahakamani, magazeti yanaruhusiwa kuyachapa. Usiniokoe, mdogo wangu. Isome yote."

Siku ya kesi, mwendesha mashtaka alitabasamu kama mtu aliyeletewa supu. "Mhandisi, ieleze mahakama mashine yako iliaminije habari hii."

Ambakisye alijua kwamba angesema mashine ilikosea, dada yake angekula chakula cha jioni nyumbani. Akafungua karatasi akaanza kusoma, kituo baada ya kituo, kura baada ya kura, majina ya waliotia sahihi na saa ambayo kila picha ilipigwa. Alisoma dakika arobaini. Hakimu hakumzuia, huo ndio ulikuwa ushahidi.

Alipoinua macho, aliwatazama waandishi kwenye benchi lao. Walikuwa walewale sita wa vyeti. Kalamu zilikuwa mifukoni, mikono juu ya mapaja, na mmoja alikuwa anajikata kucha. Hakuna aliyeandika neno. Alikuwa amemfunga dada yake kwa mara ya pili, na safari hii bure.

"Mashine nzuri sana," hakimu alisema. "Mshtakiwa, miaka mitatu."

Tusekile naye alikuwa ameliona lile benchi. Uso wake, ambao haukutetereka tangu asubuhi, ulilegea, akashika nguzo ya kizimba.

Hapo nyuma, kwenye viti vya watu waliokuwa wakingojea kesi zao za kuku na mipaka ya mashamba, mama mmoja mnene alisimama.

"Samahani, mwanangu. Ile shule uliyotaja mwanzo, ni shule gani?"

"Kaa chini!" karani akafoka.

"Shule ya Msingi Itende," Ambakisye akasema.

"Mimi napigia kura Itende."

"Kura mia sita na kumi na mbili, mama. Zimeshahesabiwa."

Mzee aliyekaa kando yake naye akanyanyuka. "Na Igamba?"

Hakimu alianza kugonga meza. Ambakisye alifungua tena karatasi, akatafuta Igamba, akaanza kusoma kwa sauti ya juu zaidi, polisi wawili wakimjia kutoka mlangoni.