Mizizi Myekundu ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alimpa bibi yake kidonge kimoja na bilauri ya maji. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuwa na subira hata ya kufunga viatu vyake. Kidonge kilikuwa cha kuzuia damu isigande, kwa kuwa moyo wa bibi ulikuwa na hitilafu. Bibi alikimeza amekunja uso, kisha akaanza kujigamba jinsi atakavyowaacha mababu wote kwenye mataa Jumamosi, katika mbio za wazee uwanjani pale shuleni.

Jumatano bibi alimtuma kwa Mama Droo, muuzaji wa dawa za mitishamba kutoka China, ambaye ukuta mzima wa duka lake ulikuwa droo ndogondogo. Jirani alikuwa amemsifia bibi mizizi fulani myekundu inayoutunza moyo. Mama Droo aliipima kwenye mizani, akauliza kama mgonjwa anameza dawa nyingine yoyote. Alimwuliza hivyo kila mnunuzi. Chapuchapu aliona akisema ndiyo atarudishwa mikono mitupu na bibi atasikitika, akajibu hapana.

Nyumbani, mizizi ilipochemka na harufu yake ya udongo kujaa jikoni, roho ya Chapuchapu haikutulia. Bibi alishamimina kikombe cha kwanza na alikuwa akikipuliza kipoe.

"Bibi, usinywe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mama Droo aliniuliza kama unameza dawa nyingine. Nilimdanganya."

Bibi alikiweka kikombe mezani taratibu. Hakumgombeza. Alichukua boksi la vidonge na mizizi iliyobaki, wakaenda wote dukani. Mama Droo alilisoma boksi, akashika kiuno, kisha akafunga duka na kuwapeleka mwenyewe zahanati.

Daktari aliikagua mizizi kwa hamu. Alieleza kuwa watafiti wanaichunguza, kwa sababu ina viambata, yaani kemikali za asili, vinavyopunguza uharibifu ndani ya chembe za mwili, na huenda vikausaidia moyo. Lakini ikichanganywa na kidonge cha bibi, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, hata jeraha dogo likavuja bila kukoma. Bibi alikuwa na swali moja tu, nalo lilihusu mbio. Daktari alimpima, akamruhusu kutembea, si kukimbia.

Jumamosi bibi alitembea kweli, tena kwa madaha, akiwapungia watu mkono. Mababu wawili waliochomoka mbio mwanzoni waliishia kukaa kwenye nyasi wakihema, naye akawapita akiwapa pole. Alimaliza wa tatu, uwanja mzima ukicheka na kupiga makofi.

Chapuchapu alimkumbatia, akaomba radhi tena.

"Hata mimi nilikosea, sikumwuliza daktari kwanza," bibi alisema. "Mtu wa dawa akikuuliza, mwambie yote, usiache hata kidonge kimoja. Atajuaje usipomwambia? Uliposema uongo ulitaka nifurahi, mjukuu wangu. Uliposema ukweli ulitaka niishi."